Dalali asiyelipwa na wewe si dalali wako

Kwa nyumba za kupanga Dar es Salaam, utaratibu wa udalali unajulikana: mpangaji akipata nyumba, humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba hatoi kitu. Wawekezaji wengi wanaufurahia, halafu wanalalamika kwamba madalali wanawaletea watu ovyo. Mimi naona lawama hiyo ina mzizi wake kwenye malipo yenyewe.

Mpangaji akikaa miaka minne, dalali amekula mara moja. Wapangaji wakibadilika kila mwaka, amekula mara nne. Sisemi kwamba madalali huwahamisha watu kwa makusudi. Nasema hakuna kinachomsukuma dalali kuuliza kama mtu huyu ana kipato, au kwa nini ameondoka alikokuwa.

Nao wana hoja nzito. Dalali anazunguka na mteja juani, nauli ya bodaboda inatoka mfukoni mwake, kisha mteja anarudi kesho yake kimyakimya na kumalizana na mwenye nyumba. Hela ya kuonyeshwa nyumba, ambayo wapangaji wanaichukia, imekuja kwa sababu hiyo. Mwenye nyumba anayekubali dalali arukwe hana haki ya kudai uaminifu kwake.

Kwenye viwanja mambo ni mazito zaidi kwa sababu ya cha juu, yaani hela ambayo dalali anaiongeza juu ya bei ya muuzaji. Mwenye kiwanja Madale anataka milioni 20, wewe unatajiwa 25. Hata kama udalali ni asilimia 10, yaani milioni 2, tofauti ile ya milioni 5 ina utamu zaidi, na ili aipate ni lazima akuzuie usionane na muuzaji. Kwa hiyo mapema kabisa mwambie: nakulipa kiasi fulani kinachojulikana, bei ikishuka au ikipanda, mradi nikae meza moja na mwenye mali. Akikataa, umeshapata jibu lako.

Wapo wanaoshauri kutumia madalali wengi ili washindane. Kwa mtu mgeni wa eneo, ushauri huo unafaa: kiwanja kimoja kikitajwa kwa bei tatu tofauti, unaanza kuelewa soko. Ila ukiendelea hivyo, kila mmoja atakuharakisha utoe kishika nafasi kabla mwenzake hajafunga biashara, na hakuna atakayekuambia kwamba eneo lile hujaa maji masika. Ukishaelewa bei, chagua mmoja kwa kila eneo na mwandikiane. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya uwakala, kwa hiyo karatasi hiyo ina nguvu.

Hata huyo mmoja asikuthibitishie umiliki. Kazi yake ni kujua mtaa. Penye hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Pasipopimwa, nenda serikali ya mtaa, zungumza na majirani, na kama ni nyumba ya familia hakikisha mwenzi wa muuzaji ameridhia. Bomoabomoa ya mwaka 2017 kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, kwa ajili ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, iliwakuta watu walioishi pale miaka mingi. Mipaka ya namna hiyo aulizwe mpimaji.

Kwa mwenye nyumba za kupangisha, pendekezo langu ni dogo: mpe dalali nusu ya kodi ya mwezi pale mpangaji aliyemleta anapoongeza mkataba wa mwaka wa pili. Kwa nyumba ya shilingi 500,000 hiyo ni 250,000. Mwenye chumba kimoja ataona ni nyingi, na simlaumu. Lakini mwenye nyumba sita apige hesabu ya mwezi mmoja mlango ukiwa umefungwa, rangi mpya, na koki zilizong'olewa, halafu aamue.