Acheni Kuwauzia Vijana Mataa ya Rangi

Naandika hii nikiwa na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza.

Kuna kijana wa mtaani kwetu, kamaliza kidato cha sita mwaka jana, anashinda kwenye steshenari akichapa na kudurufu. Alikuwa na kompyuta ya ofisi ya mtumba, Dell OptiPlex 9020 ile ndefu ya kusimama. Prosesa Core i5-4590, RAM GB 4, diski ngumu ya GB 500. Ilikuwa imechoka: kuwaka inachukua muda, gemu la GTA V linakwama kila gari likikata kona. Akajibana miezi kadhaa, akafikisha laki tatu na nusu, akaenda dukani kuuliza aongeze nini ili acheze vizuri.

Hakuongezewa kitu. Aliambiwa mashine yake imekwisha, aiache hapo hapo, aweke na hela yake juu, apewe "PC ya gemu, Core i7, GTX 1050 Ti", yaani prosesa ya i7 na kadi ya picha ya GTX 1050 Ti ya NVIDIA. Boksi lina kioo ubavuni na feni nne zinazobadilika rangi. Akapanda nayo bajaji kaipakata.

Kaja kwangu kwa sababu gemu la mpira la FC 25 halifunguki na dreva mpya za NVIDIA, zile programu za kuiendesha kadi, zinagoma kuingia. "Shikamoo kaka. Naomba uniangalizie, labda ni Windows tu." Nikafungua ubavu.

Prosesa ni i7-2600. Intel waliitoa Januari 2011. Ile i5-4590 aliyoambiwa imekwisha ilitoka 2014. Kijana katoa laki tatu na nusu, katoa na mashine yake, akarudishwa nyuma miaka mitatu.

Kadi ya picha ndiyo iliniuma zaidi. Nyuma yake kuna tundu la VGA la kuunganisha skrini, lile la bluu lenye matundu 15. GTX 1050 Ti ya kweli ilitoka Oktoba 2016, na kadi za kizazi kile hazitoi picha ya VGA; NVIDIA walishaiondoa njia hiyo kwenye chipu. Nikaweka GPU-Z, programu ya bure, ndogo, inakaa hata kwenye flashi. Tangu 2018 ina uwezo wa kutambua kadi za kughushi, na ikikuta moja inaandika FAKE mwanzoni mwa jina, herufi kubwa, na alama ya hatari juu. Ikaandika. Chini ya lile jina la 1050 Ti kuna GTS 450 ya mwaka 2010: viini 192 badala ya 768, kumbukumbu GB 1 badala ya 4. Kuna mtu mahali fulani kaifuta BIOS ya kadi, programu ya msingi iliyohifadhiwa ndani yake, na kuandika nyingine, ili Windows ikiulizwa iseme uongo. NVIDIA waliacha kutoa dreva za kawaida za kizazi hicho mwaka 2018, kwa hiyo hakuna dreva mpya itakayokubali kuingia, hata aweke Windows upya kila siku.

Ilibidi nimweleze hayo akiwa amekaa mbele yangu. Alikuwa kimya, kisha akauliza kama feni angalau ni nzuri.

Sasa niseme ninachotaka kusema kwa wauzaji na kwa wale wenye kurasa za Instagram zinazowapelekea wateja. "Core i7" peke yake haina habari yoyote ndani yake. Intel walianza kutoa i7 mwaka 2008. Mtu anayeandika "Core i7, RAM 8, PC ya gemu" bila namba inayofuata kile kistari anajua kabisa anachoficha, kwa sababu akiandika i7-2600 mteja atagugo na kuona mwaka. Core i3-12100 ya 2022 ina viini vinne na nyuzi nane (kazi nane kwa wakati mmoja), sawasawa na i7-2600, na inaiacha mbali sana kwenye gemu lolote utakalolitaja. I3 hiyo! Lakini nenda kamwambie kijana wa miaka 19 achague kati ya i3 na i7 wakati muuzaji amesimama pembeni anatabasamu. Hilo saba limekuwa chambo, na wanaoliwa ni watu wenye hela ya kuungaunga, maana mwenye milioni tatu haji kununua mashine ya 2011.

Nitakubali jambo moja, na nakubali shingo upande. I7-2600 ina nyuzi nane, i5-4590 ina nne, na kuna magemu ambapo hizo nyuzi zinasaidia. Sawa. Lakini i7 ile haina AVX2, seti ya maagizo ya prosesa ambayo magemu mapya kadhaa hayafunguki bila hiyo, na i5 ya kizazi cha nne inayo. Na kama ni nyuzi nane ndizo zilizotakiwa, ile OptiPlex inapokea i7-4770 kwenye soketi ile ile. Unatoa moja, unapaka pesti ya kupitisha joto, unaweka nyingine. Hakukuwa na sababu ya kumnyang'anya mashine.

Hela yake ilipaswa kwenda wapi? Kabla ya kutoa hata mia, angefungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nini kinatumika, huku gemu linaendelea. Mashine ya aina ile ukiiangalia utakuta diski iko asilimia 100 na RAM imejaa, wakati prosesa haijafika popote. Pale ndipo panapokwama. Kukwama kwa GTA kwenye kona ni gemu kusubiri hadi diski ilete barabara inayofuata, na RAM ya GB 4 haina pa kuiweka hata ikiletwa. SSD ya SATA, diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka, hata ile ya GB 240, inaibadilisha mashine ya namna hii kuliko kitu kingine chochote utakachonunua kwa bei hiyo, na sijawahi kukutana na mtu aliyeiweka akajuta. Halafu RAM. Alikuwa na kijiti kimoja, ambacho kinatumia njia moja tu kati ya mbili za prosesa. Angeongeza viwili vya GB 4 vya DDR3 vinavyofanana, au hata kimoja kinachoendana na alichonacho, na sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa ya Intel yenyewe ingepata nafuu maana inakopa kumbukumbu hiyo hiyo.

Vyote viwili, kwa bei za mtumba za pale pale Kariakoo, visingekula nusu ya hela yake. Iliyobaki ni mwanzo wa kadi ya kweli. Na kadi ya kumfaa ipo: 1050 Ti halisi, au GTX 1650 ya 2019 ile isiyo na waya wa ziada. Zote zinakula wati 75, na wati 75 ndizo zinazotoka kwenye tundu la mazabodi, ile bodi kuu. Hiyo ndiyo sababu zinafaa OptiPlex, ambayo pawa saplai yake ya kiwandani ni wati 290 na haina waya wa kadi. Kama mashine yako ni ile fupi nyembamba, tafuta kadi nusu kimo, vinginevyo haiingii. RX 6400 ya AMD pia inakula kidogo, wati 53, ila ina njia nne tu za PCIe, zile za kuwasiliana na bodi, na kwenye mashine za zamani inapungua nguvu, kwa hiyo mimi ningeiacha.

Kuna watakaosema laki tatu na nusu haitoshi vyote kwa mpigo. Ndiyo, haitoshi. Anunue SSD na RAM mwezi huu, acheze magemu ya zamani vizuri, kadi aisubiri. Mwenye kipato kidogo ana haki ya kuambiwa asubiri kwa ukweli, na si kupewa leo kitu cha uongo kwa sababu ana haraka.

Nirudi kwenye lile boksi la kioo, kwa sababu kuna hatari humo ambayo ni kubwa kuliko gemu kugoma. Pawa saplai yake imeandikwa 500W ubavuni, haina jina la kampuni, haina alama ya 80 Plus ya ufanisi wa umeme, na ukiishika mkononi ni nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Pawa saplai nzuri ni nzito. Ina transfoma, ina vipande vya kupoza joto, ina koili za kuchuja umeme. Umeme wetu unapanda na kushuka, unakatika na kurudi kwa kishindo, na kifaa cha kwanza kukutana na hicho kishindo ni hicho. Kikifa vibaya kinaondoka na mazabodi, kadi na diski pamoja. Pawa saplai ya Dell iliyokuwa kwenye mashine aliyoiacha imeshakaa ofisini miaka na miaka bila kuzima. Nilichomoa ile ya boksi saa hiyo hiyo. Sitaki iwashwe nyumbani kwa mama yake usiku watu wamelala.

Najua hoja ya Windows. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kwa hiyo OptiPlex ya kizazi cha nne ina mwisho wake, na mtu wa Valorant aelewe kwamba kwenye Windows 11 gemu hilo linadai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka. Lakini i7-2600 iko nje ya mstari huo huo, tena mbali zaidi, na muuzaji hakulisema hilo alipokuwa anasifia mashine.

Na huu ndio wakati mbaya kabisa wa kumwambia mtu atupe alichonacho. Bei za RAM zimepanda kwa sababu watengenezaji wanaelekeza viwanda vyao kwenye vituo vya data vya akili bandia. Desemba 2025 Micron walitangaza kuiacha Crucial, chapa waliyokuwa wanatuuzia sisi wa kawaida. Mwenye vijiti vya DDR3 au DDR4 vinavyofanya kazi avitunze. Mwenye mazabodi ya AM4 (soketi ya prosesa za AMD) na Ryzen ya 2017 asiguse mashine mpya hata kidogo. Aangalie kwanza kama bodi yake ina BIOS ya kupokea Ryzen 5 5600, maana kwenye bodi nyingi za wakati ule ipo.

Wauzaji, andikeni namba kamili: i7-2600, siyo i7. Andikeni mwaka. Andikeni kama pawa saplai ina chapa au haina. Kwenye kadi, wekeni GPU-Z kwenye mashine ya dukani na mteja aione kabla hajahesabu noti. Mnaouza mali halali mtauza zaidi, kwa sababu wapo wengi tu wanaotafuta pa kununua bila kuogopa.

Na wewe unayekwenda Kariakoo wiki hii na hela yako ya miezi, nenda na flashi yenye GPU-Z, piga picha ya namba ya prosesa kwenye skrini, geuza kadi uangalie matundu ya nyuma, shika pawa saplai mkononi. Ukiambiwa boksi halifunguliwi mpaka ulipe, toka na hela yako na mashine yako ya zamani.