Githeri Iliyokataa Kuiva

Wazo la kubeba githeri mbichi lilikuwa langu mwenyewe. Tulikuwa watatu tukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria: mimi, shemeji yangu, na kijana wa huko aliyetuongoza. Mpishi nilimkataa. Mtu aliyelelewa kwa githeri alipe pesa achemshiwe maji? Nikafunga kilo moja ya mahindi na maharagwe makavu kwenye mkoba. Kijana akaiangalia pale getini, akauliza kwa upole, "Mzee, umeiloweka angalau?" Nikamwambia nilianza kupika githeri kabla hajazaliwa, nikashika njia. Safari nzima nilitembea mbele, kama ng'ombe anayejua zizi.

Siku ya pili tukateremka Ziwa Michaelson. Lipo kama mita 4,000 juu, chini ya jabali liitwalo Temple, ukuta wa mawe uliosimama wima karibu mita 300. Barafu ya zamani ndiyo iliyolichimba bonde lile, ikayeyuka, ikaacha shimo limejaa maji meusi yanayouma meno. Kandokando kuna masenesio, miti iliyojifunika majani yake makavu kama wazee wenye mablanketi. Pazuri mno. Sikupaangalia sana, nilikuwa na sufuria.

Saa tisa alasiri nikawasha jiko la gesi. Maji yakachemka haraka hata nikajisifu. Saa kumi na moja nikaonja punje: ka! Saa moja usiku, kopo la pili la gesi: ka! bado. Ukitikisa sufuria ilikuwa kama kayamba.

Hapo ndipo shemeji, mwalimu wa fizikia, alipokumbuka kazi yake. "Hapa hewa haikandamizi maji kama kule chini. Yanachemka yakiwa na nyuzi 87 hivi. Hata ukeshe, hayo ni maji ya kuoga." Akainua pakiti yetu ya krispi, imevimba kama mto wa kulalia. "Unaona? Hewa ya ndani imeizidi ya nje."

"Na kule getini ulinyamazia nini?"

"Ulikuwa mbele."

Kijana akatoa githeri yake, iliyochemshwa nyumbani, akaikaanga na kitunguu kwa dakika kumi. Wakala wawili. Mimi, kwa kiburi tu, nikala yangu sahani nzima. Nilivyokuwa natafuna, ungedhani kuna mtu anatembea kwenye kokoto.

Saa nne usiku nikaielewa ile pakiti ya krispi.

Zipu ya hema niliifungua mara saba. Nje maji ya chupa yalikuwa yameganda, na mimi nachechemea na tochi kwenda mbali na ziwa, kama tulivyoelekezwa. Nimeona vyoo vingi, ila chenye nyota kama zile sijaona. Niliporudi mara ya nne, shemeji alikuwa amebeba mfuko wake wa kulalia na kuhamia hema la kijana. Hatukuambiana kitu.

Asubuhi tulianza kupanda kuelekea kilele cha Lenana. Mlimani huachi taka, kwa hiyo githeri ilirudi mgongoni kwangu, imenyonya maji, uzito maradufu. Nikashika njia mbele kama kawaida. Kijana akanigusa bega kwa heshima zote.

"Mzee, leo upepo unateremka. Wewe tembea nyuma."