Timu iko kambini, kikosi kimeshapangwa kijiweni
Hii inanikera kila Julai, timu za soka zinapojiandaa na msimu mpya. Klabu ya Simba walipoweka kambi Ismailia, Misri, mwaka 2024, kijiweni kwetu kikosi cha kwanza kilikuwa tayari! Watu wameona kipande cha video, sekunde chache tu, mtu anapiga danadana: basi, huyo aanze namba tisa, fulani auzwe. Kwa lipi? Mazoezi ya mwanzo ni ya kujenga pumzi na kuzoeana. Kwenye mechi za kirafiki kocha huchanganya watu makusudi, kipindi cha kwanza hawa, cha pili wale. Ligi Kuu ya Tanzania ina mechi 30 kwa kila timu, jamani, mwacheni kocha afanye kazi! Kinachoniuma zaidi ni kijana mgeni, hajacheza hata dakika moja ya ligi, ameshaitwa garasa, yaani mchezaji asiyefaa.