Ukiitwa mtoto wa nyumbani, uliza saa za kazi

Usiku wangu wa kwanza Ujerumani nililala na njaa, na hakuna aliyenitendea ubaya.

Ilikuwa Septemba 2023. Nilikuwa nimetoka Tanga kwa basi, Dar kwa ndege, Frankfurt kwa treni, mpaka kijiji kimoja karibu na Göttingen ambako familia iliyokubali kunipokea ilikuwa imesimama kituoni, wanne wote, na karatasi yenye jina langu iliyochorwa maua na mtoto. Jioni tukakaa mezani. Mkate mweusi, jibini, nyama za baridi zilizokatwa vipande vyembamba, matango. Wenyewe wanakiita Abendbrot, mkate wa jioni, na nyumba nyingi za huko hicho ndicho chakula cha usiku. Mimi nilidhani ni cha kufungulia tu, nikala kipande kimoja nikisubiri sufuria ije. Mama mwenyeji akaniuliza kama nitaongeza. Nikamjibu "Nein, danke" kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa kwetu: mara ya kwanza unakataa, mwenyeji anakushikilia, unakataa kidogo tena, ndipo unapakuliwa. Hakunishikilia. Akafunika siagi, akarudisha jibini kwenye friji, akanitakia usiku mwema kwa upendo kabisa.

Nimekaa na jambo hili miaka kadhaa sasa. Ukiniuliza ni nini kigumu zaidi kuishi ndani ya familia ya watu ugenini, sitakutajia baridi wala mapipa ya taka ya rangi nne wala dirisha linalofunguliwa wazi asubuhi ya Januari ili nyumba isishike ukungu. Hayo unayazoea ndani ya mwezi. Kigumu ni kwamba adabu yetu ya kunyamaza haina msomaji kule. Kwetu ukinyamaza kuna shangazi atakayekutazama usoni ajue. Kule ukinyamaza, umeridhika.

Nilikwenda kama au pair. Neno ni la Kifaransa, maana yake ni kuwa sawa na wenzako, kwamba unaishi na familia kama mmoja wao, unawasaidia watoto na kazi nyepesi za nyumba, nao wanakupa chumba, chakula na posho wakati unajifunza lugha. Ujerumani masharti yake yameandikwa: uwe na umri wa angalau miaka 18 na uwe hujatimiza 27 unapoomba viza, uwe na Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ile ya mwanzo kabisa, kazi isizidi saa 30 kwa wiki wala saa sita kwa siku. Posho wakati wangu ilikuwa euro 280 kwa mwezi, na euro 70 za kuchangia kozi ya lugha. Bima wanalipa wao. Siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki, likizo ya wiki nne kwa mwaka. Yote hayo niliyasoma Dar es Salaam kabla ya kuweka saini. Niliyasoma kama mtu anavyosoma maandishi ya nyuma ya tiketi ya basi.

Mwezi wa kwanza ulikwenda kwa ratiba. Kumpeleka mdogo chekechea, kumpokea mkubwa shule, kukunja nguo, kukaa nao mpaka mama arudi kazini. Kisha mama yake mama mwenyeji akaanguka bafuni kule Hannover, akavunjika nyonga. Bibi wa watu anaumwa, binti yake anakwenda na kurudi, baba anafanya kazi mpaka jioni. Nani angekaa na watoto? Hakuna aliyeniamrisha. Niliulizwa kila mara, kwa upole, "Unaweza leo pia?" Na kila mara nilijibu ndiyo, tena nikitabasamu, kwa sababu nyumba yenye mgonjwa huihesabii saa. Nilikuwa na daftari dogo nililoandikia maneno mapya ya Kijerumani, nikaanza kuandika humo na saa. Wiki moja ya Novemba zilifika 43. Darasa la lugha nilikosa mara nne mfululizo.

Nikampigia mama yangu. Akaniambia, "Vumilia mwanangu, watu wamekufungulia mlango." Mama hakukosea kwa namna anavyoijua dunia. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa mgeni wa miezi miwili. Lakini methali ile haisemi jembe liwekwe chini saa ngapi.

Katikati ya uchovu ule palikuwa na mapenzi ya kweli, na ndiyo yaliyofanya mambo yawe magumu. Mdogo, miaka mitatu, alinipenda kwa neno moja. Alikuwa akianguka nakimbilia kumwinua huku nikisema "Entschuldigung, Entschuldigung", maana kamusi yangu ya kichwani ilikuwa imeliweka neno hilo mahali pa pole. Siku moja baba yake akaniuliza kwa wasiwasi, "Umemsukuma?" Kumbe neno lile ni la kuomba radhi. Nikajaribu kumweleza pole: kwamba unampa mtu aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyerudi kazini, aliyebeba mzigo, bila wewe kuwa na kosa lolote, kumwonyesha tu kwamba umeona. Alifikiri kidogo, akakiri kwamba hana neno moja la kufanya kazi zote hizo. Tangu hapo nikarudi kwenye pole yangu, na baada ya wiki mbili mtoto yule alikuwa akiwapa pole watoto wenzake chekechea na mwalimu anauliza ni lugha gani. Tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, watoto wanapotembea gizani na taa za karatasi wakiimba, taa yake ilishika moto ikaungua. Aliyemkimbilia alikuwa mimi. Mtoto wa namna hiyo utamwambiaje mama yake kwamba saa zako zimekwisha?

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa kozi ya jioni. Alitupa zoezi jepesi: andikeni wiki yenu, mkitumia vitenzi vya wakati uliopita. Nikaandika yangu bila nia yoyote ya kulalamika. Alipolirudisha daftari alikuwa amesahihisha vitenzi kwa kalamu nyekundu, na pembeni, kwa penseli, alikuwa amejumlisha saa na kuweka alama ya kuuliza.

Nilikaa na penseli ile siku tatu. Jumapili, maduka yamefungwa, kijiji kimya, watoto wamelala mchana, nikamwendea mama mwenyeji jikoni na daftari langu. Hata jina lake lilikuwa linanikwama bado. Wao wanaitana kwa majina ya kwanza, mkubwa kwa mdogo, na mimi ulimi ulikuwa unakataa kumwita mtu wa rika la mama yangu jina lake kavu. Nikaanza sentensi yangu niliyoikariri. Sikuimaliza. Alilichukua daftari, akasoma ukurasa mmoja, akafunua wa pili, akakaa. "Kwa nini hukusema?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyeumia. Kila alipoomba alisubiri nikatae ili ajue mpaka uko wapi, na kwa kuwa sikukataa, akajua mpaka haujafika.

Jioni hiyo tulichora ratiba, tukaibandika mlangoni mwa friji. Jirani akaajiriwa kwa saa chache alasiri. Saa zilizozidi nikalipwa kwa siku za mapumziko mwezi wa Desemba, jua lilipokuwa linazama saa kumi na robo jioni na mimi nahitaji usingizi kuliko kitu chochote. Nikajifunza neno Feierabend, ule wakati kazi inapokwisha na jioni inakuwa yako. Wajerumani wanatakiana wakiachana kazini, hata keshia wa dukani anakutakia. Sisi tunalo neno la kumpa mtu aliye kazini, na naliona zuri kuliko yote. Lile la kumfungulia mtu mlango atoke kazini nililikuta kule.

Sidai kwamba kila nyumba ina jikoni kama ile. Binti mmoja kutoka Kisumu niliyesoma naye alitoa mkataba wake mezani kama mimi nilivyotoa daftari langu, akaambiwa kwamba familia haihesabiani. Aliambiwa hivyo huku analea watoto watatu, anapiga pasi mashati na kusafisha ghorofa mbili. Alihama. Kuhama kunawezekana; mkataba unataja muda wa notisi na ofisi ya wageni inaarifiwa, ila ni kazi ngumu kwa mtu ambaye paa, chakula na kibali cha kuishi vyote viko ndani ya nyumba moja. Kilichomwokoa ni kwamba lile karatasi lilikuwepo na lilikuwa na namba ndani yake.

Shangazi yangu hakuwa na namba. Alifanya kazi za ndani Muscat, Oman, miaka minne, chini ya mfumo wa kafala unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, na kila mara aliposimulia alianza kwa kusema waliniita binti yao. Binti yao, na pasipoti yake ilikaa kwenye droo ya mwenye nyumba. Silinganishi kijiji changu na alichopitia yeye. Ninachosema ni kwamba tamko lilikuwa lilelile, la kifamilia, tamu, na kwamba utamu wake haukueleza chochote kuhusu maisha yake mle ndani.

Na sisi je? Nyumbani kwetu Tanga tulikuwa na dada. Ndivyo tulivyomwita, dada, na kwa miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kuona ajabu kwamba dada huyu halali mpaka sahani ya mwisho ioshwe, anaamka kabla ya adhana, na hana Jumapili. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na siku ya mapumziko. Sikumbuki mtu yeyote mtaani kwetu akiitaja sheria hiyo kuhusiana na jikoni. Nilipokuwa naandika saa zangu 43 kwenye daftari, nikiona nimeonewa, ndipo nilipojaribu kuhesabu zake. Niliacha kuhesabu siku ya Alhamisi.

Kenya ilitia saini makubaliano ya uhamaji na Ujerumani Septemba 2024, na hata kwetu kila ninaporudi likizo nakutana na mabinti wanaokariri Kijerumani wakiwa kwenye daladala. Wanaoniandikia wananiuliza koti gani, viza ilichukua muda gani, familia niliipataje. Mimi nawauliza wao: unaweza kumwambia mtu mzima, ndani ya nyumba yake, unapokula chakula chake, kwamba leo hapana? Mtihani wa A1 unakupima kujitambulisha na kuuliza bei. Sentensi hii hawaipimi, na ndiyo nayowaomba waijaribu kwa sauti, kwa Kiswahili kwanza, mbele ya mama zao. Wengi wanacheka. Mmoja alilia, na nilimwelewa. Naamini kwa moyo wote kwamba unaweza kuisema bila kupoteza heshima hata chembe. Mama mwenyeji wangu alinipenda zaidi baada ya daftari lile, na mimi yeye. Sasa nasomea uuguzi huko huko na Jumamosi nyingi naenda kwao.

Mwaka jana nilimpigia mama yangu kuzungumzia dada aliyepo sasa nyumbani, binti wa miaka ishirini. Nilisema Jumapili. Mama alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Jumapili yenyewe akapumzikie wapi? Hana mtu hapa mjini." Tukatafuta. Ana mama mdogo Muheza, kilomita kama 35 tu. Sasa anaondoka Jumamosi jioni akimaliza kupika, anarudi Jumatatu asubuhi na nauli yake analipiwa. Mama ananiambia Jumapili anapika mwenyewe na magoti yanamuuma. Nampa pole.