Ndege haijaruka, nauli ni ya nani?

Barua pepe za mwaka 2020 zilifanana karibu zote. Tunasikitika kukujulisha kwamba safari yako imefutwa kutokana na Uviko-19, tumekuandalia vocha yenye thamani ya nauli uliyolipa. Chini yake kitufe kikubwa: nakubali. Aliyetaka pesa zake badala ya vocha alitafuta namba ya simu, akapiga, akasikiliza muziki saa nzima, na laini ikakatika.

Upande wa mashirika ya ndege usidharauliwe. Nauli unayolipa leo kwa safari ya miezi minne ijayo haikai kwenye kasha ikikusubiri. Inanunua mafuta ya ndege zinazoruka leo, inalipa mishahara, inalipa kodi ya ndege zenyewe, maana nyingi ni za kukodi. Biashara hiyo huenda vizuri maadamu kesho watakuja abiria wengine kukata tiketi. Machi 2020 hawakuja, na wale wa zamani wakaanza kudai wote kwa pamoja. Mwishoni mwa mwezi huo IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilikadiria kwamba kati ya Aprili na Juni deni la tiketi zilizouzwa bila kutumika lingefika dola bilioni 35. Kwa hiyo mashirika yalisema: mkitudai, sote tutakosa, kwa sababu shirika likifilisika abiria husimama nyuma kabisa kwenye foleni ya wadai. Ni kweli tupu.

Ila hoja hiyo ndiyo inayonifanya nisimame na abiria. Kama shirika liko ukingoni kiasi hicho, basi vocha ni mkopo. Mkopo usio na riba wala dhamana, tena mkopaji ndiye anayepanga masharti na tarehe ya mwisho, na mkopeshaji hakuulizwa. Hakuna benki ingekubali. Na huyo anayekopeshwa kwa nguvu pesa zake huenda amesimamishwa kazi mwezi huohuo, ana kodi ya nyumba na watoto wa kulisha.

Sheria nazo hazikuwa na utata mkubwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inasema safari ikifutwa, abiria akichagua kurudishiwa nauli alipwe ndani ya siku saba, na vocha itolewe tu kwa ridhaa yake iliyotiwa saini. Hapa wengi walipotezwa kwa maneno. Walipodai, walijibiwa kwamba janga ni tukio lisilozuilika, hivyo hawastahili malipo. Tukio lisilozuilika linaliondolea shirika wajibu wa fidia, yaani pesa za ziada kwa usumbufu. Nauli ni jambo jingine: uliyoilipa ni yako, hata kama ndege imezuiwa na mafuriko, vita au virusi. Serikali kadhaa za Ulaya ziliomba kanuni hiyo ilegezwe. Tume ya Ulaya ilikataa, na Mei 2020 ikapendekeza vocha zikingwe dhidi ya shirika kufilisika ili watu wazikubali kwa hiari. Ingefanyika hivyo mapema, ugomvi mwingi usingekuwapo.

Marekani mashirika yalipewa fedha za umma, dola bilioni 25 za kulipia mishahara peke yake. Aprili 3, 2020, Wizara ya Uchukuzi iliyakumbusha kwamba wajibu wa kurudisha nauli uko palepale. Hata hivyo ni Novemba 2022 ndipo ilipotangaza hatua dhidi ya mashirika sita, ambayo kwa jumla yalirudisha zaidi ya dola milioni 600. Aliyekuwa anazihitaji pesa hizo kwa chakula cha 2020 hilo lilimfaa nini?

India ilipita katikati. Oktoba 2020 Mahakama ya Juu iliruhusu shirika lililokwama kifedha kumwekea abiria salio la safari, lakini thamani yake iongezeke kwa asilimia 0.5 kila mwezi, kisha 0.75 baada ya Juni 2020, na lisipotumika kufikia Machi 31, 2021, alipwe taslimu. Uamuzi huo naupenda kwa sababu uliita mkopo kuwa mkopo, ukauwekea riba na siku ya kulipwa.

Penye ugumu wa kweli ni pale ndege iliporuka lakini abiria akabaki nyumbani kwa amri ya serikali. Shirika limetimiza ahadi yake, na abiria hana kosa lolote. Uingereza, mamlaka ya ushindani ilichunguza suala hilo, na Oktoba 2021 ikafunga uchunguzi ikisema sheria haiko wazi vya kutosha. Hapa vocha ya muda mrefu naiona ni haki kwa pande zote mbili.

Na kuna aliyefuta safari mwenyewe mapema, kwa kuogopa kuambukiza wazazi wake, wiki moja kabla shirika halijaifuta ndege ileile. Jirani yake aliyekaa kimya akalipwa, yeye akakosa. Ulaya, angekuwa amenunua safari ya kifurushi, tiketi na hoteli pamoja, sheria ingemruhusu kujitoa bila kukatwa kitu pakitokea hatari kubwa huko aendako. Kwa kuwa alinunua tiketi peke yake, kanuni ya 261 haina hata mstari mmoja unaomhusu.