Kamati ya Kioo

Mjomba wangu ana gari moja na hotuba moja, na hotuba yenyewe inahusu gari. Ni Mercedes C63 AMG, yaani Mercedes iliyoundwa kwa ajili ya kasi, ile ya umbo la W204, nyeusi, ilishuka bandarini kutoka Japani ikiwa bado na stika za Kijapani kwenye kioo cha mbele, na mpaka leo kakataa zibanduliwe. Ukimkuta kaegesha pale Sinza na una haraka zako, usithubutu kumuuliza ni gari gani. Atafungua boneti. Humo ndani, juu ya injini, kuna kibati chenye saini ya fundi mmoja wa Affalterbach huko Ujerumani, maana injini hizo ziliundwa kwa mkono, mtu mmoja injini moja, na aliyeimaliza anaitia sahihi yake. Mjomba ataigusa ile saini kwa ncha ya kidole, halafu ataingia sura ya pili: kwamba nyuma pameandikwa 63 lakini injini ni lita 6.2, silinda nane, cc 6208, nguvu za farasi 457, na namba waliizidisha kidogo kwa heshima ya gari lao la zamani, 300 SEL 6.3.

"Yaani Mjerumani kaahidi sita nukta tatu, katoa sita nukta mbili," mhazini wetu alimwambia siku moja. "Huyo angekuwa mjumbe mzuri tu wa kamati."

Kamati anayoisema ni ya harusi ya binti wa mama mdogo. Mjomba alikuwa mwenyekiti kwa sababu ya gari, mimi katibu kwa sababu ya mwandiko. Mambo yote mazito yalishapita, ukumbi, chakula, MC, ugomvi wa rangi ya sare, tukabaki na ajenda moja ndogo: gari la kamera. Mnaoishi Dar mnajua msafara unavyopangwa. Mbele matarumbeta juu ya kirikuu, nyuma yake gari la kamera, halafu ndiyo maharusi. Na kijana wa kamera siku hizi hachungulii dirishani. Anataka gari lenye sanrufu, atokeze juu kiunoni, awapige maharusi kwa mbele huku anarudi kinyumenyume.

Ukumbi mzima wa kikao ulimgeukia mwenyekiti. Mjomba alinyamaza kwa muda wa mtu anayeombwa figo. Kisha akakubali kwa masharti, na niliyaandika kwenye muhtasari neno kwa neno: ataendesha mwenyewe, kijana wa kamera atavua viatu, na kitufe cha sanrufu hakibonyezwi na mtu mwingine yeyote, awe mjumbe au asiwe mjumbe.

Sasa nieleze hicho kioo kilivyo, maana bila hivyo hamtaelewa kilichofuata. Kwenye gari lile paa karibu lote ni kioo, vipande viwili. Cha nyuma hakifunguki. Cha mbele kinainuka kidogo upande wa nyuma, kisha kinateleza kurudi na kulala juu ya mwenzake. Mjomba alipobonyeza kitufe pale nje ya kanisa, Kijitonyama, kioo kikarudi taratibu, kikalala. Sisi tuliona teknolojia. Kijana wa kamera aliona benchi.

Tukaondoka. Mimi nilikaa kushoto kwa Mjomba nikiwa nimepakata begi la betri, na yule kijana nilimfahamu kuanzia kiunoni kwenda chini tu. Soksi zake zilikuwa na picha za mananasi. Mguu mmoja ulisimama ukingoni mwa kiti changu, mwingine ulikuwa unatafuta pa kutua kati yetu, na Mjomba akawa anaongea na miguu moja kwa moja.

"Kijana, hapo ni gia."

Mguu ukainuka.

"Hapo ni redio."

Mguu ukahama. Kutoka juu sauti ikasema, "Samahani mzee wangu, kuna upepo, sisikii!"

Kwenye makutano ya Morocco, pale taa zilipotukamata, matarumbeta wakashuka kwenye kirikuu kabisa wakacheza barabarani. Konda wa daladala naye akashuka, akatunza noti ya elfu moja, akarudi kwenye gari lake. Bodaboda wawili walishajiunga na msafara bila kujulikana wametoka upande wa nani. Mjomba alikuwa anatabasamu. Kila aliyeangalia harusi alikuwa analiangalia gari kwanza, na Mjomba alikuwa anahesabu macho.

Tulikuwa tunaelekea Coco Beach kupiga picha. Tukaingia mtaa wa ndani huko Oysterbay ili kukwepa foleni, na mtaani mle kulikuwa na tuta. Kirikuu ya matarumbeta ikafunga breki ghafla, nadhani kwa ajili ya mwenye tarumbeta kubwa, maana ala ile ilishaanza kushuka bila yeye. Mjomba akafunga breki. Breki za AMG hazijui utani. Kijana wa kamera, ambaye wakati huo alishajikweza akakaa juu ya lile benchi lake, aliruka kidogo na kurudi chini, na kiunoni alikuwa na mkanda wenye vyuma vya kuning'inizia vifaa. Kile chuma kikapiga ukingo wa kioo.

PAA!

Mjomba alidhani ni tairi. Mimi nilidhani ni risasi. Matarumbeta nao walidhani ni fataki za upande wa bwana harusi, wakaongeza sauti.

Kioo cha namna ile hakina habari ya kupata ufa. Kiwandani hupashwa moto kupita nyuzi 600, kikapozwa ghafla kwa upepo, ngozi ya nje ikabaki imebana na ya ndani inavuta. Katikati unaweza kukigonga na kikavumilia. Kikiguswa ukingoni na chuma kigumu, hizo nguvu zote zinaachia kwa mara moja na kioo kizima kinageuka punje punje. Ni kwa usalama, kisikuchane. Na kweli hakikumchana mtu. Kijana alishuka kidogo tu akatua kwenye kioo cha pili, ambacho kilimpokea bila kulalamika, na kamera mkononi ikaendelea kurekodi. Punje zenyewe zilitumwagikia sisi. Begi la betri likajaa, viti vikajaa, Mjomba akajaa kuanzia kipara hadi mfuko wa koti.

Hakusema neno. Aliendesha hadi ufukweni hivyo hivyo, kwa sababu harusi haisimami. Aliposhuka, jua la saa kumi likampiga, na mama mdogo akamwona kwa mbali.

"Jamani kaka yangu leo kametameta!" Vigelegele vikapigwa. Watu wakaja kujipiga naye picha. Dada mmoja wa upande wa bwana harusi aliuliza alipopakwa, anataka kwenda kupaka na yeye.

Usiku ukumbini, kabla keki haijakatwa, tulikaa kikao cha dharura nyuma ya friji la soda. Mhazini akasema mali ya mwenyekiti imeharibikia kazini, kwa hiyo ni deni la kamati. Hakuna aliyepinga, maana Mjomba alikuwa amekaa pale pale na kila akigeuka anatoa mlio wa punje. Kundi la WhatsApp lilikuwapo tayari, wajumbe walikuwapo tayari. Nikabadilisha jina tu, likawa KIOO CHA MWENYEKITI, na kufika asubuhi tulikuwa na ahadi nane, kadi za mchango, na mtu aliyeuliza kama kuna sare.

Sikuwahi kujua kwamba Dar ni jiji la Toyota mpaka nilipotafuta kioo cha AMG. Gerezani kila duka walinisikiliza kwa heshima, kisha wakauliza, "Ya Crown au ya Harrier?" Dalali mmoja alisema kipo, nimpe dakika tano. Dakika tano za Kariakoo. Alirudi na kioo cha mlango wa Noah, akanishauri nisitazame umbo, nitazame ubora.

Mvua za masika nazo zikaanza. Mjomba akaziba paa kwa nailoni na gundi ya karatasi, na mama mdogo, ambaye hakupenda nailoni ionekane ndani, akatandaza khanga chini yake. Ukikaa kwenye kiti cha ngozi cha C63 ukitazama juu, unasoma: HASIDI HANA SABABU. Mjomba alisema khanga ile inamfariji. Nailoni ndiyo ilimuumiza. Ukifika Tegeta barabara ikafunguka, ukikanyaga mafuta, silinda nane zote zinanguruma na hakuna anayezisikia. Linasikika turubai la mama lishe likipigwa na upepo. Farasi 457 wamezidiwa kelele na nailoni ya shilingi elfu mbili. Trafiki akatusimamisha, akalizunguka gari, akatazama paa, akatazama nembo ya nyuma, akauliza kwa upole kama ni AMG ya kweli. Mjomba akafungua boneti. Tulikaa pale muda mrefu kuliko faini yoyote.

Wakati huo mhazini alikuwa na mpango wake. Kapata kioo cha sanrufu cha Crown, bei poa, na kapata fundi Ilala wa kukipunguza kiingie. Fundi mwenyewe alikuwa na wembe wa kukatia vioo sikioni, pale wengine wanapoweka kalamu, na maneno mazuri mno. "Mzee, mimi nakata vioo tangu enzi za Peugeot 504." Kamati nzima ikahudhuria, chini ya mwarobaini, viti vya plastiki vikaletwa. Nilijaribu kusema kwamba kioo kilichokwisha kupitishwa motoni hakikatwi, kinakatwa kabla tu, na kwamba tulikwisha kuona wenyewe kinavyofanya. Mhazini akaniambia mimi ni katibu, niandike.

Fundi akakilaza juu ya gunia. Akakimwagia maji. Akapima kwa uzi, akafumba jicho moja, akapitisha wembe ukingoni.

PAA!

Ndege wote waliokuwa juu ya mwarobaini wakahama. Fundi alibaki ameshika wembe hewani, mbele yake gunia linang'aa. Mhazini alitoa daftari lake, akaandika taratibu huku anatamka: "Kioo cha Crown. Marehemu."

Kilichotuokoa ni namba ya chesisi. Mke wa Mjomba ana ndugu anayefanya biashara Sharjah, kule kwenye yadi za magari yaliyokatwa. Tukamtumia namba, akatafuta gari la umbo lile lile lililogongwa mbele, paa zima, akatoa kioo. Kikaja kwenye mzigo wa mama mmoja anayeleta nguo za watoto, kimeviringishwa kwenye mablanketi ya vichanga yenye picha za dubu. Mjomba alikipokea kwa mikono miwili, akatuambia tusikohoe.

Fundi wa kukifunga tulimpata Mwenge, kijana mkimya, wa kwanza katika safari nzima ambaye hakutoa ahadi. Alitazama khanga, akaisoma, akaikunja vizuri, akampa Mjomba. Halafu badala ya kugusa kioo akauliza kama zulia la mbele lina maji. Lilikuwa na maji, na kwa wiki nzima Mjomba alikuwa analaumu nailoni. Kijana akaeleza kwamba sanrufu haizuii maji yote hata ikiwa nzima. Yanayopenya yanadondokea kwenye mfereji unaozunguka kioo, na kwenye pembe kuna mirija inayoshuka ndani ya nguzo za gari kuyatoa chini. Mirija ikiziba, maji yanashukia miguuni. Akaweka upepo wa kompresa, kwa shinikizo dogo ili bomba lisichomoke huko ndani. Chini ya gari zikatoka punje za kioo, zikafuata petali za waridi, halafu vikaratasi vya rangi, halafu punje za mchele ambazo shangazi wa bwana harusi alirusha kanisani. Harusi yote ilikuwa imehamia kwenye nguzo.

Kukifunga kioo chenyewe ni skrubu chache za kichwa cha nyota, lakini kukilinganisha ndiyo kazi. Ukingo wa mbele unatakiwa uwe chini ya paa kwa unene kama wa kadi, wa nyuma uzidi juu kidogo, la sivyo upepo unaingia kwa mluzi. Akaomba kadi. Nikampa ya mchango wa kioo, nilikuwa nazo nyingi. Alipitisha, akalegeza, akapitisha tena, akakaza. Mwisho akashikilia kitufe bila kuachia mpaka kioo kikaenda na kurudi chenyewe, ili injini yake ndogo ijue upya mwanzo na mwisho wake. Mjomba alitaka kukibonyeza mara moja tu. Alikibonyeza mpaka fundi akaomba betri ihurumiwe.

Tukaitisha kikao cha kufunga hesabu. Mhazini akasoma: kioo na usafiri wake, fundi, marehemu wa Crown, nailoni, na "viburudisho vya wajumbe," yaani kitimoto na vinywaji vya vikao vyote, ambavyo peke yake vilikipita kioo cha Sharjah. Ahadi zilizotimizwa hazikufika nusu. Kwa hiyo kamati ya kuchangia deni la Mjomba ilikuwa na deni, na anayedaiwa na baa ni mwenyekiti.

Katikati ya mjadala kijana wa kamera akaingia na video. Safari hii nilimwona na uso. Tuliangalia kwenye laputopu yake: maharusi wanapunga mkono, tuta, kisha mlipuko kwa mwendo wa pole pole, punje zikiruka juani na mioyo miekundu ikielea pembeni. Alikuwa ameirudia sehemu hiyo kwa kinanda. Mama mdogo alilia, akasema hajawahi kuona kitu kizuri hivyo.

Kijana akasema hela ya ahadi yake hana, ila atalipa kwa kazi. Amesikia binti wa mwenyekiti ana sendofu mwezi wa kumi na mbili, atapiga bure, picha na video, albamu juu. Kisha akaona bora aulize mapema.

"Ila mzee wangu, gari la kamera litakuwa lipi?"

"Andika, katibu," Mjomba akasema. "Kamera atapanda kirikuu na matarumbeta."

"Mzee, sitasikia kitu!"

"Kwani siku ile ulikuwa unasikia?"