Kopi, Chupa na Solo: Bendi Hupataje Sauti Yake?

Katika baa na hoteli za Kisumu, kuanzia Kondele hadi kandokando ya ziwa kule Dunga, bendi nyingi za vijana hupanda jukwaani saa tatu usiku kwa nyimbo za watu wengine, na alfajiri huwakuta wangali kwenye nyimbo za watu wengine. Wanamuziki wenyewe huita kazi hiyo kupiga kopi, na juu yake wamegawanyika. Wakongwe waliokulia katika benga (muziki wa magitaa wa Waluo) ya miaka ya 1970 na 1980 hushikilia kwamba hakuna bendi iliyowahi kupata sauti yake bila kupitia shule ya kopi. Vijana wenye studio za chumbani hujibu kwamba kopi ni mkopo usiolipika, kwa kuwa bendi iliyozoea kushangiliwa kwa nyimbo za wenzake haitapata tena ujasiri wa kuwachosha wateja kwa nyimbo zake. Nimewasikiliza wote kwa miaka kadhaa, na naona kwamba kila upande umeshika ukweli, ila wanabishana juu ya mambo mawili tofauti yanayoitwa kwa jina moja.

Kwanza tukubaliane tunatafuta nini. Sauti ya bendi haimaanishi koo la mwimbaji wala ujumbe wa wimbo. Ni ile alama inayomwezesha mpita njia, akiwa nje ya ukumbi, kumtaja mwenye bendi pindi solo, yaani gitaa linaloongoza, inapoanza, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Alama hiyo hutegemea pia masikio ya anayesikiliza. Santuri za benga zilipofika Zimbabwe, wasikilizaji wa huko waliuita muziki wote huo kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo, mtayarishaji aliyezitoa, kana kwamba ni bendi moja kubwa. Lakini mzee wa Homa Bay akisikia mapigo machache tu humtofautisha D. O. Misiani wa bendi ya Shirati Jazz na Collela Mazee wa bendi ya Victoria, na atakuona mgeni ukiwachanganya. Kwa hiyo bendi huwa na sauti mbili, moja ya ukoo na moja yake yenyewe, na mjadala wa kopi unahusu ile ya pili.

Sauti ya ukoo chanzo chake kinafahamika vyema. Mpiga nyatiti wa Kiluo huketi chini, nyuzi nane mbele yake, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu anayoigonga kwenye fremu ya ala. Mtu mmoja anafanya kazi ya kundi zima: anaimba mstari, nyuzi zinaujibu, na mguu unashika mwendo. Magitaa yalipoenea Nyanza, vijana waliyapiga kwa mazoea hayohayo. Hawakukwangua nyuzi zote kwa pamoja, walidonoa uzi mmojamoja, wakaacha solo ijibizane na mwimbaji, na besi ikapewa kazi ya ule mguu wenye pete, ndiyo maana besi ya benga husikika mbele, ikirukaruka, wakati katika mitindo mingine hukaa nyuma kwa heshima.

Hapo pana jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno. Gitaa haliwezi kuwa nyatiti. Nyuzi zake ni sita, mlio wake hukaa muda mrefu zaidi, na halina njuga. Waliojaribu kuihamisha nyatiti kwenye gitaa walishindwa, na kushindwa kwao ndiko tunakokuita benga.

Ukivuka kwenda upande wa Waluhya utakuta habari inayofanana. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, alipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada, gumba likishika besi na kile cha pili kikiubeba wimbo, kwa mtindo ulioitwa omutibo. Pembeni palikuwa na chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye matuta, ikikwanguliwa kwa chuma. Kundi la Abana ba Nasery la Bunyore liliendeleza njia hiyohiyo: Shem Tube na Justo Osala kwenye magitaa, Enos Okola kwenye chupa. Sidhani kama kuna aliyepanga kwamba chupa ya soda iwe utambulisho wa muziki wa Magharibi. Ilikuwa karibu, ilikuwa rahisi, na ilitoa mlio mkali uliokata kelele za watu. Leo ukiiondoa chupa hiyo katika rekodi zao, utabaki na magitaa mazuri yaliyopungukiwa na kitu.

Sasa turudi kwa wakongwe na hoja yao ya kopi. Mfano wao mkubwa ni Ochieng Kabaselleh wa bendi ya Luna Kidi, aliyeazima hata jina kutoka kwa Joseph Kabasele wa Kongo, na ambaye muziki wake ulielekea rumba waziwazi, lakini hakuna Mluo anayemsikia akadhani ni mtu wa Kinshasa. Baadaye Musa Juma na Limpopo International, hadi kifo chake mwaka 2011, walilainisha benga kwa rumba kiasi kwamba baadhi ya wapenzi wa benga ya zamani walinung'unika, kisha wao wenyewe wakaicheza. Wakongwe huuliza: kama kuiga kunaua, mbona hawa waliishi?

Hoja hiyo ina nguvu, ila inasahau jinsi watu hao walivyoiga. Kopi ya miaka ile ilifanywa kwa sikio, kutoka kwenye redio iliyokuwa ikipotea na kurudi, au kwenye santuri ya rafiki iliyochezwa mara chache ili isikwaruzike. Mpiga solo alikariri alichoweza, akajaza mapengo kwa vidole vyake mwenyewe, na vidole hivyo vilikuwa vimefunzwa na nyatiti ya babu yake, si na mwalimu wa Kinshasa. Mpiga besi naye alisikia jambo lake. Walipokutana mazoezini, kila mmoja alileta nakala yenye kasoro tofauti, na zile kasoro zilizopatana zikabaki. Sauti ya bendi, kwa maoni yangu, ni kasoro zilizopatana na kuzoeana.

Kopi ya leo ni kitu kingine kabisa. Kijana wa Manyatta anaufungua wimbo kwenye simu, anaupunguza mwendo bila kubadilisha mlio, anaurudia sehemu kwa sehemu hadi kila noti imekaa mahali pake, kisha anachagua kwenye kinanda mdundo uleule uliotumika studio. Anapiga sawasawa na rekodi, na mteja anafurahi kwa sababu hiyohiyo. Hakuna pengo la kujaza. Wakongwe wanapoisifu kopi huwa wanasifu kopi mbovu, ambayo haipatikani tena, na vijana wanapoilaani huwa wanalaani kopi safi, ambayo wakongwe hawakuwahi kuifanya.

Kinanda chenyewe kinahitaji maelezo kidogo. Ohangla, iliyokuwa ngoma za kupigwa kwa mikono na fimbo, imepata wafuasi wengi mno tangu wapigaji kama Tony Nyadundo walipoipeleka kwenye kumbi za mijini, na bendi nyingi zilizofuata zimeweka kinanda palipokuwa na ngoma kadhaa na watu wa kuzipiga. Sina ugomvi na kinanda. Mwenye baa hupata mlio wa bendi nzima kwa malipo ya watu watatu, na gari dogo linatosha kubeba vyombo. Lakini midundo iliyomo ndani yake imepangwa tayari, na jirani yako amenunua kinanda cha aina hiyohiyo, kwa hiyo bendi kumi za Jumamosi usiku husimama juu ya mguu mmoja. Kinachozitofautisha ni sauti ya mwimbaji na majina ya watu wanaosifiwa.

Majina hayo hayapaswi kudharauliwa, kwa sababu pakruok, yaani desturi ya msikilizaji kutoa pesa muziki utulizwe ili ajisifu au amsifu mwenzake, imeunda muziki wa ziwani kuliko darasa lolote. Wimbo usiojua utasimamishwa mara ngapi hauwezi kuwa na urefu maalumu. Bendi hulazimika kuwa na kipande kinachozunguka bila kuchosha wakati mtu anajitapa kuhusu ng'ombe wake na shemeji zake, kisha kipande cha kuulipua wimbo upya anaponyamaza. Santuri za zamani zililazimisha kinyume chake: upande mmoja ulibeba dakika tatu au nne tu, kwa hiyo wimbo uligawanywa, maneno mengi upande wa kwanza na magitaa yakiachiwa uwanja upande wa pili. Bendi zilizojua kuishi kati ya masharti hayo mawili, ukumbi usio na saa na santuri yenye saa kali, ndizo zilizojenga mtindo unaotambulika.

Kuna ushahidi unaoipinga hoja yangu, nami sitauficha. Kenge Kenge, kundi la Waluo, hawakuipata sauti yao kwa ajali. Waliamua kwa makusudi kuipa orutu, fidla ya uzi mmoja, kazi ambayo bendi nyingine humpa mpiga solo, wakaizungushia nyangile, ala ya kugongwa, na pembe ya oporo, na matokeo yake yanatambulika kuanzia sekunde ya kwanza. Hapa upande wa vijana unashinda: bendi ilikaa, ikafikiri, ikachagua. Hata hivyo, tazama walichokichagua. Mwenye uzi mmoja hawezi kupiga kopi safi ya rumba hata akitaka. Walijichagulia kizuizi, na kizuizi kikafanya kazi iliyobaki. Huenda basi kisichoepukika ni kuwapo kwa kizuizi, hata pale bendi inapojichagulia, na sioni aibu kukubali kwamba uchaguzi unaweza kuwa wa busara kuliko bahati.

Jambo jingine linalonitia shaka ni bendi ya Jolly Boys. Prince Jully alipofariki katika miaka ya 1990, mkewe, Princess Jully, aliishika bendi na kuiongoza, na ilipata umaarufu mkubwa zaidi kwa koo lake kuliko awali. Je, hapo sauti ya bendi ilikuwa ya wapigaji, au ya mwimbaji mpya? Nadhani wapigaji walimpa kiti kilicho imara, naye akakikalia kwa namna yake; lakini mtu anaweza kuusoma mfano huo kinyume na nisimshinde.

Nakuru hali ni ngumu zaidi, na hunisaidia kupima yote haya. Bendi ya Nakuru hupigia ukumbi wenye Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo na Waluhya kwa usiku mmoja, kila meza ikisubiri zamu yake. Wapo wanaosema mchanganyiko huo ungepaswa kuzaa mtindo mpya kabisa, kama vile Dar es Salaam ilivyozipa bendi zake mitindo yenye majina, Sikinde na Msondo zikigawana mashabiki kama timu za mpira. Lakini bendi za Dar zilizoitwa hivyo zilikuwa chini ya mashirika na vyama, na wapigaji walilipwa mshahara na kukaa pamoja miaka. Nakuru mwenye ukumbi anaweza kumwita mpiga mugithi (nyimbo za Kikuyu) mmoja na gitaa lake akamaliza kazi ya usiku, na bendi ikibaki hudumu kwa kubadili lugha kila dakika ishirini. Huko kuzungusha meza kunafundisha wepesi wa vidole, na sikatai kwamba ni ujuzi, ila wapigaji hawapati muda wa kuzoeana kasoro zao.

Muda huo, huku kwetu, mara nyingi huamuliwa na mwenye vyombo. Bendi nyingi hazimiliki hata waya; magitaa, spika na kinanda ni vya mtu mmoja, ambaye pengine hapigi chochote, na anayeweza kumbadilisha mpiga besi kwa sababu ya ugomvi wa nauli. Zamani pia bendi zilivunjika, tena sana, hata Victoria zikawa kadhaa zikitofautishwa kwa herufi. Tofauti ni kwamba waliojitenga walitoka wawili au watatu pamoja, wakiwa wamekwisha kuzoeana, wakaenda na sauti yao kama mtu anayehama na kuku wake. Siku hizi mpiga solo huhama peke yake, na simu yake ina nyimbo zote anazohitaji kwa bendi mpya.

Mwaka jana nilihudhuria mazoezi ya kundi moja Nyalenda siku stima ilipopotea tangu asubuhi. Kinanda kilinyamaza. Walikuwa na gitaa kavu, ngoma moja, na kreti ya soda ambayo mpiga kinanda aliigeuza na kuanza kuipiga kwa viganja ili asikae bure. Walijaribu wimbo wa watu ambao huupiga kila Ijumaa, na kwa kuwa besi haikuwapo, mpiga gitaa alilazimika kuigawa mikono yake, gumba likienda chini, ukawa polepole zaidi na wenye mapengo, na mwimbaji akaanza kuyajaza mapengo hayo kwa maneno ambayo hayamo katika wimbo wenyewe. Waliurudia mara nne bila kuombwa na mtu. Stima iliporudi wakabishana kama waupeleke hotelini jinsi ulivyo, na mpiga gitaa akawakumbusha kwamba meneja huwapa orodha ya nyimbo, na kwamba anataka zisikike kama za redioni. Wakawasha kinanda.